MALENGELENGE MWILINI: NI DAWA AU NI UGONJWA WA KUAMBUKIZA?



Katika mikutano ya vikundi huku Kaptembwo, na hata tunapotembelea vijiji vya upande wa Njoro na Rongai, kuna swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mtu alikuwa mgonjwa kidogo tu, akapewa dawa, na baada ya wiki mbili hivi mwili mzima ukatoka malengelenge, midomo ikapasuka, na ngozi ikaanza kubabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji moto. Imekuwaje?

Majibu yanayotolewa mtaani ni matatu. Wengine husema, "Huyo amerogwa." Wengine husema, "Ni ukimwi huo, msimguse." Na wengine husema, "Ni hizi dawa za hospitali, afadhali miti shamba." Kila jibu huleta hasara yake. La kwanza humpeleka mgonjwa kwa mganga wakati saa zinahesabika. La pili humwacha peke yake chumbani bila wa kumpa maji. La tatu huwafanya majirani waache dawa ambazo zinawaweka hai.

Basi katika toleo hili tumeona tulieleze jambo hili polepole. Hatutaki kumfanya kila mtu daktari. Tunataka kila kikundi kiwe na angalau watu wawili au watatu wanaojua kutofautisha upele wa kawaida na upele wa kuua, na wanaojua la kufanya siku hiyo hiyo.

NGOZI NI KAMA PAA LA NYUMBA

Sisi tunaokaa kwenye nyumba za mabati tunajua paa likiezuliwa na upepo wakati wa mvua mambo huwaje. Maji yanaingia, baridi inaingia, na mwizi naye anaweza kuingia. Ngozi ni paa la mwili. Inazuia maji ya mwili yasitoke, inahifadhi joto, na inazuia vijidudu visiingie.

Ngozi ya sehemu kubwa ikibanduka, mtu hupoteza maji mengi bila hata kutapika wala kuhara. Anahisi baridi kali, na usiku wa Nakuru mnaujua. Vijidudu vinaingia hadi kwenye damu. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huangaliwa kama mtu aliyeungua moto, ingawa hakuna moto wowote uliomgusa.

JINA LA UGONJWA WENYEWE

Mwaka wa 1922 madaktari wawili wa watoto kule Marekani, Stevens na Johnson, waliandika habari za watoto wawili waliopata homa, upele mwilini, vidonda mdomoni na macho yaliyoharibika. Tangu hapo ugonjwa huu huitwa kwa majina yao, ugonjwa wa Stevens-Johnson. Mwaka wa 1956 daktari wa ngozi wa Uskoti, Alan Lyell, alieleza hali iliyo kali zaidi, ambapo ngozi hubanduka mapande mapande.

Leo madaktari wanasema haya mawili ni ugonjwa mmoja wenye ngazi tofauti. Ikiwa ngozi iliyobanduka haifiki asilimia 10 ya mwili, huitwa Stevens-Johnson. Ikipita asilimia 30, ni ile hali ya Lyell. Katikati ya hapo ni mchanganyiko. Kwa kukadiria, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake.

Katika ngazi ya chini, kama mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki, wakati mwingine wachache zaidi. Katika ngazi ya juu, hufariki 3 kati ya 10 au hata zaidi. Shukrani ni kwamba ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Katika watu milioni moja, huwapata wachache tu kwa mwaka. Lakini kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi hatari huwa kubwa zaidi, na somo hilo tulilipata hapa hapa Kenya.

SOMO LA DAWA YA KIFUA KIKUU

Wazee wanakumbuka matibabu ya kifua kikuu ya zamani. Mgonjwa alidungwa sindano kwa wiki kadhaa, kisha akameza tembe kwa muda wa mwaka mzima hivi. Ndani ya tembe zile mlikuwa na dawa mbili, aisoniazidi na thiasetazoni. Thiasetazoni ilipendwa kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini, na tangu miaka ya 1960 iliwatibu watu wengi sana katika Afrika Mashariki.

Ukimwi ulipoingia katika miaka ya 1980, wauguzi wakaanza kuona jambo geni. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wanatoka upele mkali baada ya wiki chache za dawa, na baadhi yao ngozi ilibanduka wakafa. Mwaka wa 1991 watafiti waliofanya kazi Nairobi, Paul Nunn na wenzake, walitangaza matokeo yao katika jarida la madaktari la Lancet. Kati ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa na virusi vya ukimwi, asilimia 20 hivi walipata upele wa kukataa dawa. Kati ya wale wasiokuwa na virusi, ilikuwa asilimia 1 tu. Aliyelaumiwa alikuwa thiasetazoni.

Hebu tufikirie maana ya hesabu hiyo. Watu wawili wanameza tembe ile ile, kutoka kopo lile lile. Mmoja anapona, mwingine ngozi inambabuka. Jirani akiona hivyo atasema kuna mkono wa mtu. Lakini sababu ilikuwa kwamba mwili wenye virusi vya ukimwi huwa mwepesi wa kuikataa dawa. Hakuna aliyeroga. Na dawa nayo haikuwa mbovu kwa kila mtu, ila ilikuwa hatari kwa watu fulani.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wagonjwa wenye virusi wasipewe thiasetazoni, wapewe ethambutoli badala yake. Siku hizi Kenya haitumii tena thiasetazoni kutibu kifua kikuu. Dawa za sasa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Kwa hiyo mtu asiseme, "Shangazi yangu alibabuka kwa dawa za kifua kikuu, mimi sizitaki." Yale yalikuwa ya wakati ule na ya dawa ile.

DAWA ZIPI ZINAWEZA KULETA HALI HII LEO?

Karibu dawa yoyote yaweza kuleta upele. Lakini zinazojulikana zaidi kwa kubabua ngozi ni hizi:

1. Dawa za jamii ya salfa. Hapa kuna kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaiita Septrin, na imetumika sana kuwakinga watu wenye virusi vya ukimwi. Pia kuna dawa ya malaria iitwayo Fansidar. Katika miaka ya 1980 wasafiri kadhaa wa Marekani walioimeza kila wiki kama kinga walipata ugonjwa huu, na baadhi wakafa. Kenya iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kuanzia 1998, ikaamua kuibadilisha mwaka wa 2004, na dawa mpya ikaanza kutumika 2006. Jamii yake bado hupewa mama wajawazito katika sehemu zenye malaria nyingi, kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Mama mjamzito asiikatae akipewa kliniki, maana humkinga yeye na mtoto. La muhimu ni kusema mapema kama salfa iliwahi kumdhuru.

2. Dawa za kifafa: karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini.

3. Nevirapini, dawa ya virusi vya ukimwi. Ilitumika sana Kenya miaka ya 2000, na ndiyo sababu wagonjwa walianzishwa kwa nusu ya kipimo kwa wiki 2 za kwanza. Siku hizi watu wazima wengi wamehamishiwa dolutegraviri. Nevirapini ya maji bado hupewa watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi, na faida yake kwao ni kubwa kuliko hatari. Mama asiiache.

4. Alopurinoli, dawa ya gauti, yaani ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma.

5. Baadhi ya dawa za maumivu za jamii ya piroksikamu.

Sasa, jambo la siku. Mara nyingi ugonjwa huu huanza kati ya siku ya 4 na wiki ya 4 baada ya kuanza dawa mpya, na unaweza kuchelewa hadi wiki ya 8. Dawa ambayo mtu ameimeza miaka mitano bila shida kwa kawaida siyo yenye makosa. Lakini mtu ambaye dawa ilimdhuru zamani akiimeza tena, huweza kuharibika ndani ya siku moja au mbili.

Hapa wengi wanakosea. Ugonjwa huu huanza kwa homa, koo kuuma, kikohozi na macho kuwasha, siku moja hadi tatu kabla ya upele. Mtu anafikiri ni mafua au malaria. Anakwenda kemisti ya karibu na stendi, ananunua tembe za maumivu na vidonge vya rangi mbili. Kesho yake malengelenge yanatoka, na lawama inaangukia vidonge vya jana. Kumbe mwenye makosa ni dawa aliyoanza wiki tatu zilizopita, na hiyo bado anaendelea kuimeza! Kwa hiyo msiulize tu, "Jana ulimeza nini?" Ulizeni, "Kwa miezi miwili iliyopita umeanza dawa gani mpya?"

DALILI ZA HATARI

Upele mwingi wa dawa ni mdogo. Unawasha, hauna malengelenge, mdomo ni mzima, na mtu anakula kama kawaida. Huyo arudi kliniki aonyeshe. Lakini ukiona hata moja ya dalili zifuatazo kwa mtu anayemeza dawa, ni dharura:

- Ngozi inauma kama imeungua, kuliko inavyowasha.
- Malengelenge, au ngozi inayobanduka ukiigusa polepole.
- Vidonda mdomoni au midomo yenye magamba ya damu, hata kumeza mate ni shida.
- Macho mekundu, yanayouma au kutoa uchafu.
- Vidonda sehemu za siri au maumivu ya kukojoa. Mtu huona haya kulitaja hili, kwa hiyo muulize kwa heshima, na aulizwe na mtu wa rika lake.
- Homa pamoja na upele, au uso kuvimba.

Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, wekundu hauonekani vizuri kama vitabu vinavyoonyesha. Tazameni madoa ya zambarau au meusi kuliko ngozi ya kawaida, hasa kifuani, usoni na mgongoni. Na msikilizeni mgonjwa mwenyewe. Akisema shuka inamuumiza, aminini.

MAGONJWA YA KUAMBUKIZA YANAYOFANANA

Si kila lengelenge ni la dawa. Haya ndiyo tunayoyaona zaidi:

Tetekuwanga. Vipele vinatoka kwa zamu. Leo vingine ni vipya kama matone ya maji, vingine vimekauka, vyote kwa wakati mmoja. Vinawasha sana na hutoka hata kichwani ndani ya nywele. Mara nyingi kuna mtoto mwingine wa ploti aliyekuwa navyo wiki mbili au tatu kabla.

Mkanda wa jeshi. Malengelenge hujipanga kama mshipi, upande mmoja tu wa mwili, na maumivu hutangulia. Kwa kijana, ni vizuri apimwe virusi vya ukimwi, maana kinga ikishuka ndipo hujitokeza. Ukiwa karibu na jicho, aende hospitali siku hiyo.

Majipu maji ya watoto. Hivi ni vidonda vya juu vinavyotoa maji na kukauka kwa gamba la rangi ya asali, hasa puani na mdomoni. Huenea kwa kutumia taulo moja. Mtoto kwa kawaida hana homa kali.

Ngozi kubabuka kwa watoto wadogo. Hili ndilo hufananishwa sana na ugonjwa wa dawa. Kijidudu kiitwacho stafilokoka hutoa sumu inayoachanisha tabaka la juu la ngozi. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto ana homa, analia ukimbeba, na ngozi inabanduka kwapani, kwenye mapaja na kuzunguka mdomo. Tofauti kubwa ni hii: ndani ya mdomo ni pazima. Tena ngozi inayotoka ni nyembamba sana. Akipewa dawa ya kuua kijidudu hicho hospitalini, watoto wengi hupona bila hata kovu. Akicheleweshwa, anaweza kufa.

Mpox. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa Julai 2024. Vipele ni vigumu, viko ndani ya ngozi, na huweza kutoka hata viganjani na kwenye nyayo. Mara nyingi kuna homa na tezi zilizovimba shingoni au kinenani. Usikae naye karibu bila kujikinga, na mpeleke kituoni.

Na kuna moja ambalo si ugonjwa: Nairobi fly. Ni mdudu mdogo mwenye rangi nyeusi na nyekundu, ambaye huzidi baada ya mvua nyingi, kama ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Haumi. Ukimponda juu ya ngozi, maji yake huunguza, na kesho yake unaamka na mstari wa malengelenge. Ukiwa umekunja mkono, alama hutokea pande zote mbili za kiwiko. Hakuna homa wala vidonda vya mdomo. Mpulize aende, usimponde. Ukimponda, nawa kwa sabuni na maji mengi.

MASWALI MATANO YA KUTOFAUTISHA

Tunawaomba wanavikundi wayakariri maswali haya kama wanavyokariri hesabu za mchango:

Kwanza, ameanza dawa gani mpya ndani ya wiki 8? Dawa ya kifafa, salfa au gauti ikitajwa, shuku dawa.

Pili, mdomo, macho na sehemu za siri ziko aje? Zikiwa na vidonda katika mbili kati ya hizo, shuku dawa sana. Zikiwa nzima kwa mtoto mdogo anayebabuka, shuku kijidudu cha ngozi.

Tatu, upele umekaa vipi? Upande mmoja kama mshipi ni mkanda wa jeshi. Mstari mmoja bila homa ni mdudu. Wa zamu zamu ni tetekuwanga. Madoa yanayoungana na kuwa malengelenge makubwa, shuku dawa.

Nne, kuna mwingine nyumbani au shuleni aliye na upele kama huo? Ugonjwa wa dawa hauambukizi kamwe. Ukiona watatu nyumba moja, fikiria maambukizi.

Tano, unauma au unawasha? Unaouma kama moto ni wa kuogopwa zaidi.

Lakini jamani, maswali haya ni ya kuwasaidia kuamua haraka. Hayamalizi kesi. Mara nyingine, hasa kwa watoto na vijana, vijidudu vya mapafu au vya vidonda vya homa huweza kuleta vidonda vya mdomo na macho vinavyofanana kabisa na vya dawa. Hata daktari huenda akahitaji kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Kazi yetu ni kumfikisha huko akiwa hai.

LA KUFANYA SIKU HIYO HIYO

1. Mgonjwa akiwa na malengelenge, ngozi kubanduka, au vidonda vya mdomo na macho, asimeze tena dawa mpya inayoshukiwa. Aende hospitali siku hiyo, hata kama ni usiku, ili daktari aamue juu ya dawa zake zote. Kadiri dawa yenye makosa inavyosimamishwa mapema, ndivyo nafasi ya kupona inavyoongezeka.

2. Bebeni dawa zote alizotumia, na pakiti zake, hata zilizokwisha, hata za miti shamba. Mkikosa pakiti, bebeni kitabu cha kliniki.

3. Mfunikeni kwa shuka au leso safi iliyofuliwa, na blanketi juu yake. Joto ni dawa kwake.

4. Akiweza kumeza, mpeni maji au uji mwepesi kidogo kidogo.

5. Mnapombeba, msimvute mkono wala kumshika kwapani. Mwinueni kwa shuka, watu wanne, kila mmoja pembe yake. Boda boda haimfai. Tafuteni gari ambalo atalala.

Na haya msiyafanye: msipasue malengelenge. Msipake majivu, dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala dawa ya rangi ya zambarau, kwa sababu daktari atashindwa kuona ngozi. Msimpe dawa nyingine ya kemisti "ya kuzima upele". Msimkande kwa maji ya chumvi.

Kituo cha afya kikiona hali ni nzito kitampeleka hospitali kubwa. Kwa wetu wa hapa ni ile hospitali kuu ya Nakuru tuliyozoea kuiita PGH, ambayo sasa ni ya rufaa ya kaunti. Huko atapewa maji kwa mshipa, dawa ya maumivu, huduma ya macho na ya vidonda, na atalishwa kwa mpira kama mdomo umeharibika. Pengine ataombwa apimwe virusi vya ukimwi. Jamaa wasione ni matusi, maana jibu hilo husaidia kuchagua dawa zitakazofuata.

MACHO YASISAHAULIKE

Wapo wanaopona ngozi wakabaki vipofu. Ndani ya kope hufanya makovu, nywele za kope zinageuka na kukwaruza jicho. Mgonjwa akilazwa, jamaa waulize kwa upole kila siku, "Macho yameangaliwa?" Na baada ya kutoka, arudi kliniki ya macho hata kama anaona vizuri.

AKIPONA, AANDIKIWE

Mtu aliyebabuliwa na dawa hatakiwi kuimeza tena maisha yake yote, hata nusu tembe. Wala ndugu zake. Aliyedhuriwa na Septrin asiguse Fansidar, maana zote zina salfa. Aliyedhuriwa na karbamazepini awe mwangalifu na fenitoini na fenobabitoni, kwa sababu ni watu wa ukoo mmoja.

Ombeni hospitali waandike jina la dawa kwenye kitabu cha mgonjwa kwa herufi kubwa. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ina kadi ya tahadhari ambayo mgonjwa hubeba, na ina fomu ya manjano ya kuripoti dawa inayoshukiwa kumdhuru mtu. Mhudumu wa afya ndiye huijaza. Kumwomba aijaze si kumshtaki. Ni ripoti nyingi kama hizo zinazofungua macho ya wakubwa, kama ilivyokuwa kwa thiasetazoni.

Jina la dawa likaririwe na mume au mke, na watoto wakubwa. Siku mgonjwa akiwa hawezi kusema, wao watasema.

TUSIACHE DAWA KWA HOFU

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Mtu wa kifafa akiacha dawa ghafla, anaweza kuanguka kwenye jiko au kupata kifafa kisichokoma. Mtu wa kifua kikuu akiacha, anaambukiza nyumba nzima. Mwenye virusi akiacha, kinga inaporomoka. Watu wengi mno wanaishi kwa dawa hizi kuliko wanaodhuriwa nazo. Tunaogopa moto lakini bado tunapika.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Upele mdogo bila dalili za hatari: rudi kliniki, usijiamulie mwenyewe. Dalili za hatari: simamisha dawa mpya, na uende hospitali siku hiyo. Na hata huko hospitali mara nyingi ipo dawa nyingine ya kuchukua nafasi, kama ethambutoli ilivyochukua nafasi ya thiasetazoni.

KAZI YA KIKUNDI

Ugonjwa huu unahitaji gari usiku, na gari linahitaji pesa. Kikundi kinachochanga kwa mzunguko kinaweza kuweka kando kiasi kidogo kila mkutano, kiwe cha dharura tu, na kishikwe na mtu anayeishi karibu, anayepatikana saa nane za usiku. Andikeni nambari ya mwenye gari aliyekubali kuitwa. Chagueni wawili wa kuwa wanamfuata mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lenu ili awafunze zaidi.

Pia acheni kugawana dawa. Tunajua ni moyo mwema, jirani akiumwa unamgawia tembe zilizobaki. Lakini tembe isiyo na pakiti haina jina, na siku ya kubabuka hakuna atakayeweza kumwambia daktari ilikuwa nini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, mtu akitoka malengelenge mwili mzima, watu husema nini kwanza? Usemi huo unamsaidia au unamchelewesha?

2. Nani kati yetu anameza dawa kila siku? Je, watu wa nyumbani kwake wanajua majina ya dawa hizo?

3. Leo usiku ikitokea, tutapata gari wapi, na kwa pesa gani? Tukubaliane kabla ya kufunga mkutano, na katibu aandike.